Kapu la Nafuu

Matanga yalikuwa yameanuliwa asubuhi ile ile, na wanawake walikuwa uani wakisugua masufuria kwa majivu, ndipo Shangazi alipopiga simu.

Hivyo ndivyo Sista Oliva Sanga alivyoanza kuwasimulia wenzake, Jumamosi moja ya baridi ya mwezi wa sita, katika chumba cha chai cha wodi ya wazee, Hospitali ya Lukwigo. Ilikuwa wiki yake ya kwanza kazini tangu amzike mama yake. Walikuwepo wauguzi wenzake wawili, na Daktari Bupe Mwalyego, mkuu wa wodi, aliyekuwa amesimama dirishani na kikombe chake. Huyo Shangazi hakuwa ndugu wa mtu. Ilikuwa sauti ya mashine, iliyopiga simu nyumbani kwa kila mgonjwa siku ya kumi na nne tangu alazwe, na wauguzi waliipa jina hilo kwa sababu hakuna kiumbe aliyependa kuulizia hali za watu kama yeye.

"Akaniuliza mama anaendeleaje," Oliva alisema. "Nami nikamjibu kama unavyomjibu mtu mzima. Nikamwambia, mama amepumzika."

"Akasemaje?"

"Akasema, vizuri sana. Apumzike vya kutosha, na asisahau kunywa maji ya uvuguvugu."

Wakacheka. Msiba nao una kicheko chake, na mfiwa akianza yeye, wengine mna ruhusa. Oliva mwenyewe alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa sweta, akamalizia kwamba alimwambia Shangazi haya, salamu zitamfika. Daktari Bupe peke yake hakucheka. Aliweka kikombe dirishani, akasema anakwenda kuangalia wagonjwa, ilhali alikuwa ametoka kuwaangalia muda si mrefu, akatoka mle ndani.

Mama yake Oliva alikuwa mgonjwa wake. Yeye ndiye aliyesaini aruhusiwe siku ya tatu. Na lile neno "amepumzika" alilijua kuliko mtu yeyote mle hospitalini, maana yeye ndiye aliyelitia kapuni.

*

Zamani, madaktari wastaafu husimulia, mwongozo wa tiba ulikuwa kitabu. Kilichapishwa, kikagawiwa, kikakaa kabatini kikila vumbi, na daktari mvivu aliweza kutibu miaka mitano kwa ukurasa uliokwisha kupitwa na wakati. Mwongozo Hai haukuwa na kurasa. Kila kitanda nchini kiliulisha habari zake: nani kalazwa, kapewa nini, kapona au kafa. Ulizitafuna habari hizo usiku kucha, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi Sasisho lilitua kwenye kishikwambi cha kila daktari. Kufikia saa moja lilikuwa sheria. Likisema toa, unatoa. Likisema ongeza, unaongeza. Watu wengi walipona kwa sababu yake, hilo lazima lisemwe, na Bupe alikuwa wa kwanza kulisema.

Miaka minne nyuma, alipokuwa daktari mtafiti, Bupe alipangwa kwenye Jaribio la Siku Tatu. Kulikuwa na homa ya ukungu, ile inayowashukia wazee wa nyanda za juu kila kipupwe na kuwajaza maji kifuani. Tiba yake ilikuwa siku saba kitandani na dripu. Vitanda vikaisha. Watoto wa nimonia wakawa wanalala wawili wawili, mmoja kichwani mwa kitanda, mwenzake miguuni. Watafiti wakajiuliza: je, siku tatu zikitosha? Wazee wakagawanywa kwa kura, nusu siku saba, nusu siku tatu kisha nyumbani na vidonge. Siku ya kumi na nne Shangazi aliwapigia wote, na majibu yakatiwa katika makapu matatu: nafuu, bado mgonjwa, amefariki.

Mashine haikuwa na shida na mtu aliyesema amepona au amekufa. Lakini nani kwetu husema mama yangu amekufa, hivi hivi, kwenye simu, kwa mtu asiyemjua? Watu walisema ametutoka. Walisema ametangulia. Hayo mashine iliyajua. Neno lililoishinda ni "amepumzika", kwa sababu bibi aliyelala baada ya kula naye amepumzika, na bibi aliyelala kaburini naye amepumzika, na ukisoma maandishi tu huwezi kuwatofautisha. Lazima usikie sauti. Kazi ya Bupe ilikuwa hiyo: kusikiliza sauti mia mbili na kumi na nne, moja moja, na kutia kila moja katika kapu lake.

Alisikiliza kumi na moja. Zote kumi na moja zilikuwa za watu waliolala kweli. Shangazi alikuwa amepiga saa nane mchana, na kwenye sauti moja mzee alisikika akikoroma. Ilikuwa Ijumaa alasiri. Ripoti ilitakiwa Jumatatu, na Jumamosi ilikuwa sendofu ya mdogo wake, na yeye ndiye aliyeshika mipango ya chakula. Wazo la makaburi lilimjia. Hilo hakuweza kujidanganya hata baada ya miaka minne: lilimjia, akalitazama, akaliambia lipite. Akaandika kwamba amepumzika maana yake nafuu, kwa wote, sasa na siku zijazo. Alama moja ya vema, basi. Akafunga kompyuta akaenda kuulizia mchele.

Siku tatu zikashinda. Pongezi zikamiminika.

Sasa, Jumapili iliyofuata masimulizi ya Oliva, majirani wakiwa kanisani, Bupe alifunga mlango, akafungua hifadhi ya jaribio kwa nywila yake ya zamani, akavaa visikizi. Alisikiliza toka asubuhi mpaka jua likageuka. Walikuwamo waliolala, wengi tu, mia moja thelathini na tisa. Na walikuwamo wengine. Mzee mmoja aliyesema amepumzika, na nyuma yake zikasikika nyimbo za kuaga. Msichana aliyesema bibi amepumzika jana, Shangazi akamtakia afya njema, na msichana akasema asante. Huyo wa asante ndiye aliyemvunja Bupe. Alivua visikizi akalia kwa sauti, kama mtoto, mkono mdomoni.

Sabini na watano walikuwa wamekufa na kuhesabiwa wamepona. Kumi na wanne walikuwa wa siku saba. Sitini na mmoja walikuwa wa siku tatu.

Na hao walikuwa wa jaribio tu. Kwa miaka mitatu, tangu Mwongozo uyapokee matokeo hayo, nchi nzima ilikuwa ikiwatoa wazee siku ya tatu, na Shangazi akiwatia waliopumzika katika kapu lile lile, akisubiri amri ya Bupe ibadilishwe.

*

Jumatatu alimpigia Profesa Kalinga, aliyekuwa msimamizi wake katika jaribio na sasa mkuu wa jopo la Mwongozo. Alimweleza kila kitu bila kujikingia. Profesa hakupandisha sauti.

"Bupe, mwanangu," alisema. "Jopo linakaa mwezi wa tisa. Tutalirekebisha kosa hili taratibu, bila kelele."

Bupe aliuliza vipi wazee watakaotolewa kati ya sasa na mwezi wa tisa.

"Na watoto waliolala kwenye vitanda vyao," Profesa alisema, "wao si watu?"

Akaendelea, tena kwa upole unaouma kuliko matusi. Kwamba kitanda kimoja cha mzee kwa siku saba ni watoto wawili waliokosa pa kulala. Kwamba watu wameuamini Mwongozo kwa shida, na wakisikia umewazika wazazi wao, kesho mjamzito atakataa sindano ya kuzuia damu kwa sababu iliandikwa na Mwongozo huo huo. Kwamba ukweli nao una wakati wake. Jambo la aibu ni kwamba moyo wa Bupe ulitulia kidogo. Alikuwa amepewa ruhusa ya kunyamaza na mtu mkubwa.

Lakini Jumanne bibi wa kitanda cha pili alitimiza siku ya tatu, na kishikwambi kikaandika: Aruhusiwe. Bupe alimtazama bibi, akasikiliza kifua chake, akasikia maji bado yanachezacheza chini kabisa. Vipimajoto vya vitanda vilikuwa vimeharibika tangu Pasaka, hivyo joto liliandikwa kwa mkono. Joto la bibi lilikuwa thelathini na sita na nukta nane. Bupe akaandika thelathini na nane na nukta tisa. Mwongozo ukasema: Abaki.

Ilikuwa rahisi hivyo. Alihisi kama mtu aliyeiba mkate akampa mwenye njaa. Alifanya hivyo kwa mzee aliyefuata, na aliyefuata tena, na wa nne. Oliva alipouliza mbona wodi imejaa homa za ajabu, Bupe alimjibu labda ni baridi. Hakuweza kumtazama. Kila asubuhi Oliva alimwamkia vizuri, akamwandalia mafaili, na kila asubuhi Bupe alijiambia leo nitamwambia, kisha akapata kazi nyingine ya kufanya. Wagonjwa waliochelewa kuja hospitali alizoea kuwaambia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wiki ile aliacha kuwaambia.

*

Siku ya tisa, Jumanne tena, Sasisho liliingia kama kawaida. Bupe alilisoma akiwa nyumbani anafunga vifungo vya koti.

"Homa ya kurudi siku ya tatu imebainika, Hospitali ya Lukwigo, wagonjwa wanne kwa wanne. Wazee wote wenye homa ya ukungu, nchi nzima, wachomwe sindano ya akiba kabla ya kuruhusiwa."

Aliketi juu ya kitanda. Sindano ya akiba kila daktari aliijua. Iliua vijidudu vilivyoshindikana, na figo za mzee mmoja kati ya kadhaa iliondoka nazo. Wale wanne kwa wanne walikuwa wake. Joto alilolibuni kwa kidole chake, kwa huruma yake, Mwongozo ulikuwa umelitafuna usiku na kulitema kama sheria kwa taifa. Mwongozo haukujua uongo wa huruma. Ulimwamini daktari, basi.

Alikimbia. Alipofika wodini Oliva alikuwa tayari amesimama kwenye kitanda cha nne na sinia la sindano. Kitandani alikuwa Mzee Zakaria Mligo, mkulima wa viazi, miaka sabini na minane, siku yake ya tatu. Binti yake, Sekunda, alikuwa ameshafunga mzigo na kumvisha baba koti la kusafiria.

"Daktari, Sasisho linasema tumchome, halafu saa nane anatoka," Oliva alisema.

Bupe alimwomba asubiri. Alimsikiliza mzee kifua. Maji. Mzee akamwuliza, kwa utaratibu wa wazee wa kule, kama watoto wake Bupe hawajambo, na Bupe akajibu hawajambo, ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu jibu hilo lilikuwa fupi.

Akafungua kisanduku cha pingamizi. Daktari aliruhusiwa kupinga, ila kwa sababu, na sababu ilipimwa. Aliandika kwamba kifua bado kina maji kidogo. Mwongozo ukajibu kwamba maji kidogo siku ya tatu ni kawaida kwa wanaopona. Uliyajua hayo kutokana na wazee sitini na mmoja. Aliandika kwamba uzoefu wake unamwambia mgonjwa asitoke. Ukajibu: Sababu haina uzito. Angeweza kuandika joto tena. Kidole kilikwenda mpaka kwenye tarakimu, kikasimama hapo.

Chini ya ukurasa kulikuwa na kisanduku cha pili ambacho hakuwahi kumwona mtu akikijaza. Kiliitwa Kosa la Ushahidi. Waliouunda Mwongozo walikiweka kwa hofu yao wenyewe: atakayekijaza, na kuambatisha uthibitisho, maneno yake yangekwenda kwa kila daktari na muuguzi nchini saa ile ile, pamoja na jina lake, na agizo linalohusika lingesitishwa mpaka lichunguzwe. Hakuna jopo, hakuna mwezi wa tisa.

Bupe aliwaza watoto wa wodi ya pili. Vitanda vinane vya wodi hii vilikuwa vimehamishiwa kwao tangu siku tatu ziwe sheria. Aliwaza mjamzito wa Profesa. Hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwa uongo. Kisha akamtazama Oliva, aliyekuwa ameshika sinia akisubiri, mtiifu, kama alivyosubiri mwezi uliopita mama yake alipokuwa kitanda cha saba.

Akaandika amesimama.

"Mimi, Bupe Mwalyego, nilitakiwa kusikiliza sauti 214 za Jaribio la Siku Tatu. Nilisikiliza 11. Nilipitisha kwamba amepumzika maana yake nafuu. Nimesikiliza zote sasa. 75 walikuwa wamefariki, 61 kati yao wa siku tatu. Sauti zimeambatishwa. Pia joto la wagonjwa wanne wa Lukwigo wiki hii nililibuni mimi; homa ya kurudi haipo. Msiwachome sindano. Nilijua haya siku tisa kabla ya kuyaandika."

Mwongozo ukauliza kama ana uhakika. Akabonyeza.

Haikupita dakika. Vishikwambi vikaanza kulia, kimoja mezani, kimoja mfukoni mwa muuguzi wa mlangoni, vingine ng'ambo ya ukuta. Kwenye cha Bupe, chini ya jina la Zakaria Mligo, lile neno Aruhusiwe likafutika. Sekunda akauliza wafanyeje na mzigo. Bupe akamwambia aufungue, baba anabaki siku nne zaidi, na sindano hatachomwa. Muuguzi wa wodi ya watoto akapiga simu kuuliza kama ni kweli vitanda vinane vitarudishwa. Bupe akamjibu ni kweli. Yule muuguzi akakata simu bila kuaga. Profesa Kalinga naye alipiga, mara tatu, na Bupe akaiacha simu iite.

Oliva alikuwa ameweka sinia chini. Alisoma kwenye kishikwambi cha wodi, midomo ikitembea, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo. Wenzake wawili walisogea wakamwacha. Bupe alimwendea akasimama mbele yake mikono imening'inia. Alikuwa tayari kwa matusi. Alitamani hata kofi, limalize.

"Ulijua lini?" Oliva aliuliza.

"Uliposimulia habari za Shangazi. Kesho yake nikasikiliza zote."

"Jumapili ile."

"Jumapili ile. Dada Oliva, mimi sina hata neno la..."

Oliva aliinua kiganja kumkatiza. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Bupe kuliko hasira. Alipoanza kusema alisema polepole, akitazama kitanda cha saba, ambacho sasa kilikuwa na mgonjwa mwingine.

"Mama hakutaka kutoka. Wewe ulikuwa umeshasaini ukaenda. Alishika chuma cha kitanda akaniambia, Oliva, kifua bado. Nikamwambia, mama, Mwongozo unasema umepona, usinitie aibu mbele ya wenzangu. Nikamfungua vidole, kimoja kimoja."

Bupe hakuwa akilijua hilo. Hakuna aliyelijua.

"Tangu nimzike sijalala vizuri hata siku moja," Oliva alisema. "Najiambia ni mimi niliyemuua. Na wewe siku tisa unanipita hapa, unaniuliza habari za asubuhi, nakujibu nzuri, na unajua si mimi."

Akaokota sinia la sindano, akalirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Kisha akachukua dripu mpya ya Mzee Zakaria, akasoma tarehe yake kwenye mwanga, akaenda kuitundika.